Barua ya Kumgeuza Babu

Nimeandika barua nyingi za serikali. Watu wakishajua kwamba umemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, tena pale Kibiti, darasa lenye wanafunzi kumi na tisa na mbu elfu arobaini, basi unakuwa karani wa ukoo mzima bila mshahara. Nimewaombea watu viwanja, nimeomba mbegu, nimelalamikia viboko walioingia kwenye mpunga na kukataa kutoka. Barua zote hizo zimesahaulika. Iliyonipa jina ni moja tu, na mpaka leo nikishuka kwenye gari pale Mohoro watu huninyooshea vidole na kuulizana kama ndiye huyu. Kichwa chake cha habari kilisomeka hivi: YAH: OMBI LA KUMGEUZA MAREHEMU BABU YANGU.

Msinicheke kabla sijaeleza.

Babu na bibi yangu, wazazi wa mama, hawakuwa wenyeji wa bonde la Rufiji. Walishuka kutoka upande wa Songea wakiwa vijana. Babu alikuja kupasua mbao, msumeno begani. Bibi alikuja kwa sababu babu alikuja. Wakapata shamba la mpunga Mohoro, wakazaa, wakazeekea hukohuko. Majirani zao wote walikuwa Waislamu. Sisi Wakristo tulikuwa kaya nne, na kigango chetu kilikuwa chumba cha udongo chenye mabenchi matano, mawili yakiwa mali ya mchwa. Katekista alikuja kila Jumapili kwa pikipiki kutoka Ikwiriri. Padre alikuja mara moja kwa miezi mitatu, barabara ikipenda.

Babu alikuwa mtu wa kutogeuka. Sisemi tabia yake, nasema shingo yake. Alitembea mbele, bibi nyuma, na alikuwa akiongea njia nzima bila kutazama anaongea na nani. Siku moja walikuwa wanakwenda Ikwiriri kwa miguu, bibi akasimama kumsalimia mtu, salamu zikanoga. Babu alifika Ikwiriri, akakaa kwenye kibaraza cha duka, akaendelea kueleza habari za bei ya mbao kwa saa nzima, mpaka mwenye duka alipomuuliza, "Mzee, unamwambia nani?" Ukimwita kwa nyuma, hasikii, msumeno ulikuwa umeshakula masikio yake. Dawa ilikuwa moja, kumgusa bega. Bibi alilijua bega lile kuliko alivyojua njia ya kisimani.

Mwaka aliofariki, mto ulikuwa umeamua kuhamia kwetu. Yale si mafuriko, yale yalikuwa uchokozi. Mamba walipita barazani wakitafuta kivuli, na kuna nyumba moja kambare alikutwa ndani ya kabati la vyombo, ametulia kama mpangaji. Barabara ilikatika. Mimi nilikuwa Kibiti kwenye kibanda changu cha steshenari, sikuweza kuvuka. Katekista alikuwa Ikwiriri, hakuweza kuvuka. Zile kaya tatu nyingine zilikuwa zimehamia kwa ndugu zao kwenye miinuko. Babu akafa kwa homa ya siku mbili, na maji yalikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni.

Wakamzika majirani. Waliongozwa na mtani wake, mzee wa rika lake, mkulima wa mpunga na mchimba makaburi wa mtaa mzima. Mtani huyu na babu walikuwa wametukanana kwa mapenzi miaka arobaini. Kulikuwa na kilima kidogo cha udongo mwekundu nyuma ya shamba, mahali pekee palipokuwa pakavu. Wanaume wanne wakambeba, wakachimba, wakamzika, wakarudi wakiogelea nusu ya njia. Bibi alibaki nyumbani na wanawake, kama desturi ya pale ilivyo, juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali.

Mimi na katekista tulifika siku ya tisa kwa mtumbwi. Tulibeba msalaba wa mninga. Kaburi lilikuwa tuta la udongo lisilo na alama, mvua imelilamba pande zote. Katekista akasimama pale, akalitazama jua, akanyoosha mkono kama askari wa usalama barabarani.

"Wafu wetu hulazwa kichwa magharibi, miguu mashariki," akasema. "Siku ya ufufuko wanainuka wakimkabili Bwana ajaye kutoka mawio. Kwa hiyo kichwa kiko hapa."

Tukausimika msalaba upande wa magharibi, tukasali, tukalia, tukarudi kwenye mtumbwi. Hakuna aliyewauliza waliochimba.

Kwa miaka sita bibi alikwenda kule kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa kwenye kigoda karibu na msalaba, akampa babu habari za wiki: nani kaoa, nani kaachwa, ndege wamekula mpunga kiasi gani, na kwamba mimi nimefaulu Kiswahili na nimefeli hesabu. Mwishoni alimwomba amwombee, kwa kuwa yeye sasa alikuwa karibu zaidi na mwenye mamlaka. Padre alikuwa ametufundisha kwamba waliokufa katika imani hawajaondoka kanisani, wamehamia benchi la mbele tu. Sisi wengine tuliyasikia hayo kama mahubiri. Bibi aliyasikia kama taarifa kwamba mumewe amehama nyumba, na hii hapa ndiyo njia ya kufika.

Sasa ikafika Siku ya Marehemu Wote. Tulikuwa kilimani tunapaka kaburi chokaa, bibi yuko kwenye kigoda chake. Mtani akapita na jembe begani, akasimama.

"Mke wangu, hujambo?" Tangu babu afariki alimwita bibi hivyo, ati amerithi.

"Sijambo, mwizi wa kuku."

"Nakuona kila wiki unaongea hapo. Leo nimeona niulize. Mbona unaongea na miguu?"

"Miguu ya nani?"

"Ya mumeo. Kichwa kiko kule." Akaonyesha kwa mpini wa jembe upande wa mashariki, kwenye mikoko. "Au kwenu habari hupitia kwenye nyayo?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Katekista alicheka, mimi nilicheka, brashi ya chokaa ikanidondoka kwenye suruali. Mtani akaenda zake shambani.

Siku ya nne simu yangu ikalia kibandani, Kibiti.

"Mume wangu," bibi akasema. Mimi aliniita hivyo tangu nizaliwe, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume. "Acha kazi uje."

"Kuna nini, bibi?"

"Yule mtani. Nimekaa nikafikiri. Sisi wote tulicheka. Yeye hakucheka."

Nikaenda. Nilimkuta mtani nyumbani kwake anachonga mpini.

"Babu, nimekuja kuuliza jambo la kweli."

"La kweli nenda kwa hakimu. Hapa ni utani tu."

"Babu yangu mlimlaza vipi?"

"Tulimlaza akiwa amekufa. Ulitaka tumlaze vipi?"

"Kichwa kiko wapi?"

"Kwenye shingo, tulipomwacha."

"Babu, tafadhali."

"Mashariki. Wallahi, kiko mashariki."

Shida ni kwamba kiapo cha mtani hakina thamani kwenye mambo ya misiba. Huyuhuyu, kwenye kilio cha shangazi yangu, aliapa kwa maneno hayohayo kwamba marehemu alikuwa mchumba wake tangu enzi za Mjerumani, akalala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe soda mbili. Nikamwambia basi ukweli wa upande wetu. Nikamwambia bibi halali, na chakula anakitazama tu.

Akaacha kuchonga. Akaniambia, "Kesho saa tatu asubuhi."

Kesho yake alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne. Bibi akamkaribisha chai, akakataa. Mtani kukataa chai nyumbani kwetu ni jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu majani ya chai yaumbwe. Akakaa kwenye mkeka, akaikunja miguu.

"Shemeji," akasema. Hakusema mke wangu. "Leo utani nimeuacha nyumbani. Mumeo tulimlaza kama tunavyolazana sisi. Hatukujua namna nyingine, na maji yalikuwa yanakuja. Tulimchimbia mwanandani, ule mfuko wa ubavuni, ili udongo usimwangukie. Ubavu wa kulia, uso Kibla, yaani kaskazini, kichwa mashariki, miguu magharibi. Kichwa nilikishika mimi, kwa mikono hii. Hatukumswalia kwa kuwa hakuwa wa dini yetu, lakini tulimlaza vizuri. Na ule msalaba nilipouona, nikajua ndiyo kawaida yenu, mnauweka miguuni ili mtu akiamka aushike kama bakora. Kama nimekosea, niwie radhi."

"Hukukosea," bibi akasema. "Ulimlaza asilowe. Waliokosea ni wenye elimu." Akanitazama mimi.

Mtani alipoondoka ndipo bibi akasema kilichokuwa kinamkosesha usingizi, na ningependa msomaji akielewe, kwa maana yote yaliyofuata, pamoja na upuuzi wangu, yalitoka hapo. Bibi alikuwa na miaka themanini na mitatu. Nafasi yake ilikuwa imeshapimwa kwenye kilima kile, ubavuni mwa babu, upande wa kusini.

"Nikilazwa kikwetu," akasema, "siku ile mimi nitainuka nimeelekea baharini, na mzee ameelekea Ngarambe. Tutapeana migongo kama tumegombana. Na wewe unamjua. Akishainuka, anatembea. Hageuki. Nikimwita hasikii. Atakwenda mpaka kwenye tembo huko porini, anaeleza bei ya mbao, anadhani niko nyuma yake."

"Bibi, siku hiyo masikio yatakuwa yamepona."

"Masikio yatapona. Na ubishi?"

Masomo ya jioni hayakufika huko.

"Sitaki mambo mengi," bibi akasema. "Nataka nikiamka niwe naye. Hilo tu."

Jumapili iliyofuata katekista aliitisha kikao cha jumuiya palepale kaburini. Alikuwa amekonda ndani ya wiki moja kwa aibu ya msalaba. Akatoa simu yenye dira ili kwanza tuhakikishe mashariki ni wapi. Simu ile ilikuwa imeanguka mtoni mara mbili. Kwa mujibu wake, mashariki ilikuwa juu kidogo ya paa la choo cha jirani, halafu ikahama taratibu, ikamfuata mbuzi. Tukaamua kutumia jua.

Mapendekezo yakaanza. Katekista akasema tuuhamishe msalaba.

"Msalaba ukihama, yeye anageuka?" bibi akauliza.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mwenye busara kwenye mambo mengine yote, akasema tusiuhamishe, tuongeze wa pili upande wa pili, marehemu achague. Mumewe, fundi pikipiki, akainua mkono. Akasema yeye anaona tatizo si mwelekeo, tatizo ni kuona. Tufunge kioo cha pikipiki pale miguuni, kwenye nondo. Babu akiinuka atatazama kioo, atamwona Bwana nyuma yake, atageuka mwenyewe bila kusukumwa.

Ningependa kuwaambia kwamba tulilikataa wazo hilo. Tulilijadili kwa nusu saa. Palikuwa na waliotaka kioo kimoja na waliotaka viwili, cha kushoto na cha kulia, kama sheria ya barabarani inavyotaka. Aliyelivunja ni bibi, aliyesema mumewe hakujitazama kwenye kioo tangu siku ya harusi, na siku ile alijitazama mara moja akasema inatosha.

Hapo ndipo mimi, kwa kiburi cha cheti changu, nikasema jambo hili ni dogo. Tuombe kibali serikalini, kaburi lifukuliwe kwa heshima, babu ageuzwe, lifukiwe. Nikaenda kuandika. Barua ilikuwa nzuri, nasema bila haya. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mjukuu halali wa marehemu tajwa. Napenda kuitaarifu ofisi yako kuwa marehemu ameelekea upande usio sahihi kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake. Niliipiga chapa kwenye kibanda changu, nikatoa nakala tatu, moja kwa ajili ya kumbukumbu.

Mtendaji wa kata alikuwa dada mpole, kijana, aliyesoma chuo kweli, tena mchana. Aliisoma barua mara mbili. Mara ya pili aliisoma akiwa ameiinua juu, naona karatasi tu, na karatasi inatetemeka.

"Kaka yangu," akasema alipoishusha, "hapa umeandika ameelekea upande usio sahihi. Ameelekea wapi?"

"Magharibi, mheshimiwa. Ngarambe."

"Ana safari?"

"Kwa sasa hana. Ni siku ya ufufuko."

Akachukua kalamu. "Na hiyo ni lini? Nauliza ili nijue niandike ya dharura au ya kawaida."

"Siku yenyewe haijulikani, mheshimiwa. Wala saa."

"Basi siwezi kuandika dharura." Akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kaburi halifukuliwi hovyo, kuna mahakama, kuna watu wa afya, na katika sababu zote anazozijua hakuna ya kumgeuza mtu. Kisha akainama karibu, akasema kwa sauti ndogo. "Halafu kaka, nisaidie na mimi. Babu yangu amelala hapo nyuma ya msikiti, kichwa mashariki, kama wa kwako. Nikigonga muhuri kwamba upande ule si sahihi, jioni nitaingiaje nyumbani?"

Nikaona mantiki. Nikaomba barua yangu. Akanirudishia mbili, ya tatu akasema inabaki kwenye jalada. Jalada lile lazima lilikuwa na miguu, maana nilipofika stendi ya bodaboda vijana walishaanza kunijadili. Mmoja akaniita, "Mgeuza wafu, na mimi nina mjomba amelala kifudifudi, bei gani?"

Bibi nilimkuta kilimani. Alikuwa amekihamishia kigoda chake upande wa mashariki, na alikuwa anaongea. Nikasikiliza. Alikuwa anampa babu habari za miaka sita upya, kuanzia mwanzo, kwa kuwa mara ya kwanza zilikwenda miguuni. Kazi ile ilimchukua Jumapili tisa. Nilikuwepo siku alipofika kwenye matokeo yangu, nikafeli hesabu mara ya pili.

"Bibi, wafu hawasikii kwa masikio," nikamwambia. "Padre alisema ni roho kwa roho, ndani ya Mungu."

"Najua. Lakini mtu ukizungumza naye, unazunguka unamkabili. Hata Mungu anataka adabu."

Padre mwenyewe alikuja mwezi wa pili, barabara ilipopenda. Baada ya Misa alikaa na bibi barazani, mimi na katekista tukiwa pembeni. Alikuwa ameshasikia habari. Nadhani ilikuwa imefika mpaka Dar es Salaam na kurudi.

"Mama," akasema, "yule anayewainua watu kutoka mavumbini hatashindwa kuwageuza."

"Hatashindwa, Baba. Nasadiki. Ila siku ile atakuwa na watu wengi. Mimi nina mmoja."

"Nimeshaamua," bibi akaendelea. "Mzee msimguse, alale. Mimi nilazwe kama yeye. Bila jeneza, sanda tu, kwenye mfuko wa ubavuni, kichwa mashariki. Tutaelekea upande mmoja."

Katekista akapaliwa na chai. "Bibi, utainuka umempa Bwana mgongo."

"Kwa dakika moja. Mimi masikio yangu ni mazima, parapanda nitaisikia. Nitamgusa mzee bega, atageuka, tutageuka wote wawili. Bwana amenisubiri miaka themanini na mitatu, na dhambi zangu zote. Dakika moja itamchosha?"

Padre alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Mimi nimehudhuria mahubiri mengi, lakini kama kuna mtu amewahi kunishawishi kwamba siku ile itakuwepo kweli, ni bibi yule, aliyekuwa anaipangia atakavyosimama.

"Hakuna mahali nimesoma panapokatazwa," Padre akasema mwishowe. "Kanisa lina desturi zake, lakini desturi si mnyororo. Mlale mnavyotaka. Mkishageuka mniombee na mimi."

Kuanzia siku ile bibi akala, akalala, akanenepa. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alifariki wakati wa kiangazi, mchana kweupe, anapepeta mchele. Mto ulikuwa umekaa chini kama mtoto aliyeadhibiwa, barabara kavu, na watu wakafika wote: Padre, katekista, kwaya kutoka Ikwiriri yenye sauti zilizosikika mpaka Umwe, majirani wote wa Mohoro, na mjomba wangu kutoka Songea.

Mjomba ni mtoto wa kwanza wa bibi, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa suti. Kwenye mazishi ya mama yake, neno lake ndilo neno. Alikuwa hajaambiwa. Kila mtu alidhani mwenzake amemwambia. Suala la jeneza alikubali kwa shida, pale nyumbani, baada ya Padre kumshika mkono. Tukafika kilimani. Mtani alikuwa ndani ya kaburi, anakwangua udongo wa mwisho. Alikuwa amezeeka mno kwa kazi ile, lakini vijana walipotaka kumpokea jembe aliwatishia kuwazika.

Akainua uso kutoka chini. "Kichwa wapi?"

"Magharibi," mjomba akasema. "Sisi ni Wakristo."

Kwaya ikanyamaza. Katekista akanitazama. Padre akanitazama. Mtani alibaki na jembe mkononi, naye akanitazama. Kwetu mjukuu habishani na mjomba wake, na juu ya kaburi ndiyo kabisa.

"Mashariki, mjomba," nikasema. "Amesema mwenyewe."

"Amesema lini?"

"Mbele ya Padre. Anataka walale upande mmoja na babu, wainuke pamoja. Babu alilazwa hivyo wakati wa mafuriko."

Mjomba akageuka polepole. "Kwa hiyo mama yangu, aliyenifundisha ishara ya msalaba, nimzike amempa Bwana mgongo? Nikikutana na watu wa Songea niseme nini?"

Nilitafuta maneno, na yaliyonijia yote yalianza na husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mtani akaweka jembe. Akalala ndani ya kaburi, ubavu wa kulia, akajiingiza kwenye mwanandani kama mtu anayejilaza kitandani kwake, mpaka tukaona miguu tu. Watani hufanya hivyo, kulala kaburini mpaka wapewe chochote, na baadhi ya watu wakaanza kutafuta mifukoni. Hakutaka kitu.

"Mwalimu," sauti yake ikatoka udongoni. "Sogea uone."

Mjomba akasogea, akapiga goti kwa suti yake ile, akachungulia.

Mtani alikuwa anagonga ukuta wa udongo mbele ya uso wake, kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anabisha hodi. "Hapa nyuma ni baba yako. Shibiri mbili. Nimechimba upande huu makusudi, na nimekwangua mpaka nikaogopa. Mama yako akilala nilivyolala mimi, anamtazama mumewe. Ukimgeuza, anaitazama miguu ya baba yako. Wewe ndiye mtoto. Amua."

Mjomba alibaki pale amepiga goti. Sikuona uso wake, niliona mgongo wa koti na jinsi ulivyokuwa unapanda na kushuka. Kisha akaketi ukingoni, akavua viatu, akavipanga vizuri kando, soksi ndani, akashuka mwenyewe kaburini ili akipokee kichwa upande wa mashariki.

Shida ikawa nafasi. Mtani alitakiwa atoke, na magoti yake yalikuwa yamekataa. Padre akamshika mkono mmoja, katekista mwingine, mimi nikashika kanzu, tukamvuta. Alipanda akilalamika kwa sauti ya kusikiwa na kilima kizima kwamba Wakristo hawa hawana subira, wanamfufua mtu na zamu yake bado. Mjomba akacheka kulekule chini, machozi yanamtiririka, mikono ameinyoosha juu anamsubiri mama yake.